Fremu Zilizofutika Namba

Kabula mjukuu wangu, marahaba. Bibi yako hajambo, ila mguu bado unamsumbua.

Unauliza kwa nini mwalimu wenu wa ufundi anawalazimisha kuipa namba kila fremu ya mlango mnayoichora kwenye kompyuta. Miaka ya tisini nilitengeneza fremu za nyumba ya wachimbaji kule Geita. Niliziandika namba kwa chaki, mvua ikazifuta, nikazipachika fremu kwa kukisia. Mlango mkubwa ukapata fremu isiyo yake, ukawa unafungukia ndani badala ya nje.

Masanja, fundi mwenzangu aliyekuwa akilala humo, akasema, "Tuing'oe hiyo fremu."

Nikamjibu, "Mlango ni mlango tu."

Nyumba iliposhika moto, watu walijazana mlangoni wakisukuma, hata nafasi ya kuuvuta ikakosekana. Masanja alifia pale.

Msibani mkewe alinishika mkono, akanishukuru kwa kuja. Sikumwambia. Wewe ndiye wa kwanza kujua.

Babu yako,
Shija