Tezi Iliyolala

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama hamjambo. Mimi sijambo kidogo. Baada ya yale mafua, shingo iliniuma mpaka masikioni, moyo ukawa unakwenda mbio nami nimekaa tu, na mikono ikaanza kutetemeka. Kinyozi anayetetemeka na wembe mkononi, nani atamkabidhi koo lake? Mwenye saluni amenihamishia kwenye kuosha vichwa. Anasema kiti changu atanishikia, ila si milele. Daktari amechukua damu.

Binti yako

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Jirani anadai mtetemeko huo ni wa mapenzi. Nimemkatalia, ingawa kama yupo, tuambie walau anafanya kazi gani. Majibu yakitoka usinifiche. Ukinificha nitapanda basi nije tuoshe vichwa wote wawili.

Baba yako

2 Juni

Baba,

Shikamoo. Mapenzi hakuna, ni tezi ya shingoni. Daktari anasema ilivimba, ikamwaga homoni zote ilizojiwekea akiba, ndiyo maana nilikuwa kama mtu anayefukuzwa. Sasa ghala ni tupu, tezi imelala.

Kipimo kinaitwa TSH. Mara ya kwanza kilikuwa chini, safari hii kimepanda, nami nikafurahi kama mtoto aliyefaulu mtihani. Daktari akacheka. Kumbe hiyo ni sauti ya ubongo ikiiamsha tezi: tezi ikizidi kulala, ubongo unazidi kupiga kelele.

Mikono imetulia na kiti nimerudishiwa. Lakini nasikia baridi wenzangu wakijipepea, ngozi imekauka, nalala kama gogo na kuamka nimechoka. Nanyoa polepole mpaka wateja wanasinzia.

Binti yako

21 Septemba

Baba,

Shikamoo. Mbona kimya tangu Juni? Mnanitia wasiwasi.

Vipimo vyangu sasa ni vizuri vyote, lakini ikifika mchana naishiwa nguvu. Nilimwambia daktari kwamba karatasi imepona, mimi bado. Hakubisha. Alisema, “Damu imetangulia, mwili unakuja nyuma. Upe muda.” Atanipima tena, maana tezi nyingine haziamki. Mwenye saluni ameniruhusu kujinyoosha kidogo baada ya chakula.

Niandikieni, hata mstari mmoja.

Binti yako

8 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba, na utusamehe. Barua yako ya Juni nilimsomea mama yako. Nilipofika kwenye baridi, ngozi na usingizi, akanizuia.

“Rudia hapo.”

Nikarudia. Akasema, “Huyo si mtoto. Huyo ni mimi.”

Sisi hayo tulikuwa tunayaita uzee. Nikampeleka akapimwa, na ubongo wake ulikuwa unapiga kelele kuliko wako. Tezi yake yeye haitaamka; atameza kidonge kila asubuhi, maisha yake yote. Alinikataza kukuandikia mpaka aone kama kinamfaa.

Kimemfaa. Anaamka kabla yangu. Amelima ua wote, amejiunga na kwaya, na jana aliniuliza mbona nimekuwa mvivu. Nimepata mke mpya bila kuposa, mwanangu, na sijui kama nitamuweza.

Wewe usiuharakishe mwili wako, utafika. Ningeandika zaidi, lakini anapaka jiko rangi na ananiita nikamshikie ngazi.

Baba yako, mchovu