Sifongo ya Kijani na Sifongo Nyeupe

Mjukuu wangu Kabula,

Shikamoo yako imenifikia hapa Nkome kando ya ziwa, marahaba. Mama yako ameshavuna pamba, na yule mbuzi wako amezaa mapacha.

Unasema huko Zanzibar mwalimu wako amezigawa sifongo za baharini katika aina mbili kwa rangi tu. Wewe unaona ni aina moja, ila unaogopa kumwambia. Mimi sikuogopa.

Kabla ya Uhuru, nikiwa msichana, nilisugua sufuria kwa sifongo zinazoota kwenye mawe ya ziwani. Akaja mtafiti wa Kizungu, akatia ya kijani kwenye chupa moja na nyeupe kwenye nyingine, akaziandikia majina mawili.

Nikamwambia, "Bwana, hiyo ni aina moja."

Wenzangu wakanifinya ninyamaze. Nikaingia majini, nikabingirisha jiwe zima mbele yake. Upande wa jua sifongo ilikuwa kijani, upande wa kivuli nyeupe, na katikati haikukatika popote. Aliitazama weee, kisha akafuta jina moja.

Ile chupa yangu ya chumvi unaijua. Alinipa yeye; ndiyo iliyokuwa ya aina ya pili.

Bibi yako,
Milembe