Feni Niliyoifunga Kinyume

Baba,

Shati kavu liko kwenye kochi, hilo lako linanuka rejeta. Kula samaki wa siki na viazi kabla ya kurudi kwenye sherehe. Mbwa keshakula, asikudanganye.

Ndiyo, ni mimi. Jana ulipokuwa kanisani ukipanga viti, niliing'oa feni ya mkanda inayopoza rejeta ya gari, ile ninayoiita kinu cha bibi, nikafunga ya umeme. Nilijua Volvo ya babu, ikimpeleka bibi harusi kanisani, itatambaa nyuma ya wapiga fidla wa mji wa Leksand wanaotembea kwa miguu, na ya mkanda huzubaa injini ikienda polepole. Hapo sikukosea. Ila nyaya nilizipishanisha, ikazunguka kinyume, ikawa inasukuma hewa badala ya kuivuta. Rejeta ikachemka, mvuke ukafoka, na shangazi Gunvor akaenda kuolewa kwa miguu, viatu mkononi.

~~Lakini na wewe ungekagua.~~ Hapana. Ulifungua boneti, ukaiona feni yangu, ukaifunga tena boneti. Kisha ukawaambia watu, "Limezeeka tu, jamani." Wewe, usiyeruhusu mtu alisengenye gari hilo!

Nimetangulia ukumbini. Kabla keki haijakatwa nitasimama niwaambie wote: gari ni zima, fundi ndiye bado mbichi.

Binti yako,
Tova