Kizuia Mlio Ulichoagiza kwa Jina Langu

Mjukuu wangu Baraka,

Nakusihi uisome barua hii peke yako, na neno lake lolote lisimfikie baba yako. Sisi huku Toronto hatujambo, ila mama anakohoa kidogo.

Umri wetu ni mmoja, lakini kwa ukoo mimi ni bibi yako, ndiyo maana huniita "mke wangu" nami hucheka. Safari hii nimekasirika. Umeniandikia: "Mke wangu, wewe ni karani wa mizigo ya forodha. Nimeagiza kizuia mlio cha bunduki yangu kwa jina lako, nipitishie." Hapa Kanada tunakoishi sote kifaa hicho ni marufuku, Baraka. Nitakayefungwa ni mimi.

Unauliza kina ubaya gani, nawe unalinda masikio tu. Mwaka wetu wa kwanza hapa, mimi na mama tulikuwa msituni tukichuma uyoga, mlio ukapasuka karibu. Mama akapaza sauti: "Tuko watu huku!" Mwindaji akashusha bunduki, nayo ilikuwa kama yako, inayojipakia risasi yenyewe. Wewe vaa vizibo vya masikio, sisi tuachie mlio.

Futa oda hiyo leo. Usinipigie kazini. Jumapili ukija mjini, nisubiri nyuma ya kanisa baada ya ibada, na uje mikono mitupu.