Ufunguo wa Nyumba ya Pangani

Kisarawe,
Jumapili, baada ya kuanika mashuka.

Kwa Dada yangu Kabula,

Shikamoo Dada. Barua hii itakukuta kwenye tumbaku, mikono imejaa utomvu, kwa hiyo kanawe kwanza ndipo uifungue. Mguu wa Mama umepungua kuvimba? Na mvua imefika Nzega, au bado mnaangalia mawingu yakienda kwa wengine? Mimi ni mzima, ila mgongo unaniuma kwa kuinua watu. Sabuni haipatikani dukani, tunafulia majani ya mpapai.

Katika barua yako uliniambia Mama bado anataka jina la mtu aliyemtoa ndugu yetu Shija nje. Miaka yote hii sikumjibu, kwa sababu sikutaka kumpa jina tupu. Leo nalitaja. Anaitwa Kondo, aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji kule Pangani ya Kibaha. Amekufa, na mimi ndiye niliyemhudumia. Nitakueleza kwa mpangilio, kama nilivyoandika katika shajara yangu.

Unakumbuka kwamba Shija alipougua uvimbe wa koo, hospitali walisema hawana la kufanya tena, arudishwe kwao. Kwao ni safari ndefu ya treni, naye hata kukaa hawezi. Mama Elimina, muuguzi mstaafu wa usharika wa Kilutheri, alikuwa amejenga na wanawake wenzake nyumba ya udongo ya vyumba vitatu kwa ajili ya watu wa namna hiyo, ambao dawa zimewashinda lakini bado wako hai. Hakuna aliyetozwa kitu. Waliogeshwa, walinyweshwa uji, walipewa dawa ya kutuliza maumivu ilipopatikana, na mtu alikaa nao. Nilimpeleka Shija, nami nikabaki kusaidia. Kwa kuwa nimesoma sekondari, nilipewa daftari la wagonjwa.

Ilikuwa Jumanne. Mvua ilianza alfajiri. Kondo alikuja na mgambo wawili.

"Kijiji cha Ujamaa ni cha watu wanaolima," alisema. "Hawa hawalimi, na kupona hawataki. Mmefungua kituo cha mwisho cha basi hapa?"

Mgambo wakacheka. Wagonjwa watano wakatolewa uani na mikeka yao.

"Mwenyekiti, subiri basi mvua ikatike," Mama Elimina alimwomba.

"Mvua ni ya wakulima, mama."

Shija hakuwa na sauti tena. Alinyoosha kidole kuonyesha mtungi wa maji, nao ulikuwa umebaki ndani. Kondo akatia kufuli, akaweka ufunguo mfukoni. Haukupita muda nyumba ile ikawa ghala la mahindi yake. Wengine wanne walipata pa kulala. Shija alifia ndani ya lori njiani kuja Kisarawe, kabla hatujaumaliza msitu. Hilo la lori mnalijua. La mtungi nilikuwa sijawaambia.

Huku Kisarawe alitupokea Bi Mwanahawa, mjane anayeuza vitumbua. Alisema, "Leteni. Mimi sijawahi kumwogopa mgonjwa, nawaogopa wazima." Tukaanza na mikeka barazani kwake. Wanawake wa Kiislamu wa hapa wakaweka utaratibu: kila anayepika nyumbani kwake anachota konzi ya unga na kuitia kwenye chungu chetu kabla ya kuinjika sufuria yake. Parokia ikaleta vitanda. Tukaongeza banda, kisha banda jingine. Nikapata baiskeli, nikawa nawatembelea wasioweza kuhamishwa, hadi Tangini, hadi nyuma ya maduka ya Kwa Mathias. Watu walinisifu kwamba nina huruma. Dada, nikuambie ukweli: kila kitanda nilichokipigilia misumari nilikuwa namgongea Kondo. Nilitaka asikie tunavyokua.

Basi, mwaka huu mwanawe mkubwa, Salum, akamleta kwa mkokoteni. Tumbo limejaa, macho ya manjano. Hospitali ilikuwa imemwambia yale yale.

Kwetu hapa mgeni huchagua mwenyewe mtu wa kumwogesha na kumgeuza. Kondo akatuangalia wote, akauliza kabila langu. Nilipomjibu akachangamka.

"Mnyamwezi! Mpagazi wangu huyu! Mimi Mzaramo siwezi kufa mikononi mwa mtu baki na mtani wangu yupo. Nipeni huyu."

Unajua utani wetu na Wazaramo. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe na usinune, na ukifa yeye ndiye wa kuhangaika na mazishi yako. Kondo alinichagua kwa desturi hiyo. Hakunikumbuka hata kidogo.

Kabati la dawa liko chini ya mkono wangu. Sikumnyima hata tone. Mtu anayelia kwa maumivu hasikii anachoambiwa, na mimi nilitaka asikie.

Kila asubuhi nilipomgeuza nilimsimulia kipande. Palikuwa na Mzaramo mmoja mvivu, nikamwambia, aliona kulima kunamchosha, akaamua kuwahamisha wagonjwa apate ghala. Akacheka mpaka akakohoa. "Mnyamwezi muongo wewe!" Siku ya pili nikamsimulia mvua. Siku ya tatu nikamsimulia mtungi. Hapo hakucheka.

"Mtani, huo ni utani au kweli?"

Nikaleta shajara nikamsomea ukurasa wa Jumanne ile, neno kwa neno, na majina ya mgambo wake.

"Mvua ilikuwa inanyesha?" akauliza.

"Ilikuwa inanyesha."

"Sikumbuki."

Dada, angekana ningemwelewa. Angeomba radhi, sijui ningefanya nini. Lakini alisema kweli: hakukumbuka. Ndugu yetu hakuwa hata kitu cha kusahauliwa kwa shida. Nikamaliza kumfunika, nikamnywesha maji, nikatoka kumwaga maji ya kuogea. Kuanzia siku ile nilimhudumia kimya. Kilichobaki nilipanga kukidai kwa watakaokumbuka.

Alikufa Ijumaa, akarudishwa Pangani kuzikwa. Nilikwenda kama mtani, mwenye haki ya kulizuia kaburi mpaka alipwe anachodai. Mwili ulipofika makaburini, mimi nilikuwa nimekwisha kuingia kaburini, nimelala chali.

"Haya mpagazi, toka, jua kali!" watu wakapiga kelele.

"Nimechoka na mizigo. Nimepata chumba, silipi kodi."

Kicheko. Wakanitupia shilingi, nikazirusha juu. Wakaniahidi jogoo, nikawaambia nimeshiba.

"Sasa unataka nini, mtu wa Tabora?"

"Ufunguo wa nyumba ya Pangani. Ile aliyowatoa wagonjwa akaweka mahindi."

Wengine walicheka bado. Wale waliokuwepo siku ile waliacha kucheka. Mmoja wa mgambo nilimwona akirudi nyuma ya wenzake, nikamwita kwa jina: "Usiondoke, wewe ndiye uliyebeba miguu ya Shija." Nikaanza kusema yote, kwa sauti, nikiwa mle chini. Salum akasogea ukingoni.

"Utani una mpaka, Mihayo."

Ami yake, mzee mwenye kanzu, akamjibu, "Mpaka wake ni hapo alipolala. Hapo hazuiwi. Mpe."

"Ufunguo uko nyumbani," Salum akasema. "Nitamletea kesho."

"Kesho utanikuta humu humu," nikasema.

Shehe akaanza kugomba kwamba maiti hacheleweshwi. Hakuna aliyethubutu kunishika. Kijana akapanda baiskeli kuufuata. Na Kondo, Dada, akasubiri nje, juu ya jeneza, katika jua, watu wakibadilishana mabega. Nilimwangalia kutoka chini. Sikutaka baiskeli ile iharakishe.

Ufunguo ulipokuja niliufunga kwenye shati, nikatoka, nikashiriki kumfukia. Leo magunia yametolewa, na wanawake wanakandika kuta. Wiki ijayo wagonjwa watatu wa Tangini watalala mle. Mama Elimina amenikaripia: "Mihayo, nyumba ile hatukuijenga kwa chuki." Nikamwambia, "Wala haikuporwa kwa upendo, mama." Hajazungumza nami tangu jana, na sijutii.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, na wanao wote. Mnisalimie Baba Mdogo, mwambie kofia aliyonipa bado naivaa. Bibi mzaa mama mpe salamu karibu na sikio.

Na barua hii msomee Mama nzima, usiruke la mtungi. Akikuuliza kama nimemsamehe mtu yule, mwambie shehe naye aliniuliza hivyo tukitoka makaburini. Nilimjibu kwamba nimemzika.

Ni mimi mdogo wako,
Mihayo