Mlango wa Mathilde

Jabe, 3 Machi 1997

Mwanangu Twahiru,

Assalaam alaikum. Mimi mzima, ila goti linanisumbua mvua ikinyesha. Hali yako wewe?

Umeniandikia nije gerezani peke yangu, nisiwalete wanawake wa mtaa, eti unaona haya. Haya ungeiona siku ile wewe na rafiki zako mlipochoma mlango wa duka la Mathilde! Ijumaa tunakuja sita. Tutawapikia wafungwa wote wa chumba chenu, na Mathilde ndiye atakayepakua. Hutaki, shinda na njaa.

Mama yako, Zubeda

Gerezani, 20 Aprili 1997

Mama mpendwa,

Waalaikum salaam. Kikohozi kimepungua. Goti je?

Ijumaa nyingi nimeikataa sahani ya Mathilde. Wale rafiki zangu, tuliofungwa pamoja, waliapa kwamba atakayekula mkononi mwake atapigwa, eti si mtu wetu. Juzi akaniambia, "We mutoto, bakia na kiburi yako, lakini wali iko inapoa. Na mulango yangu mpaka leo ni bati tu."

Nilikula, mama, mbele yao wote. Wamening'oa jino. Ijumaa ijayo nitakula tena. Niletee mbao, hapa kuna karakana.

Mwanao

Jabe, 2 Julai 1997

Mwanangu,

Salaam nyingi. Goti ni lilelile, lakini halinizuii.

Ijumaa walitufungia geti kwa sababu ya risasi za vita huko milimani. Tukakaa chini na masufuria yetu mpaka mkuu wa zamu akachoka kututazama, akafungua. Mbao zimetoka msikitini, nyingine parokiani. Fundi seremala Akilimali atakuja kila Jumatatu kukufundisha. Ni mkali, mvumilie.

Mama yako

Gerezani, 9 Novemba 1997

Mama,

Salaam. Mimi mzima kabisa. Jumatano natoka, na mlango umekamilika. Akilimali ameukagua mara tatu asione kasoro.

Wale wenzangu wawili wametangulia kutoka. Wametuma neno kwamba mlango huo hautapita sokoni Jabe. Utapita. Nitaubeba kichwani, saa sita mchana, wanione. Naogopa, sikufichi. Ndiyo maana nakuomba wewe usije. Nitakwenda peke yangu.

Mwanao

Jabe, 11 Novemba 1997

Twahiru,

Salaam zako nimezipata, amri yako nimeikataa. Mlango hubebwa na watu wawili. Mathilde amesema upande wa pili ni wake. Sisi watano tutatangulia mbele, na masufuria yetu.

Mama yako