Akina Fumo wa Shella

Shella, Malindi
6 Mei 2024

Mwanangu Fumo,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ila magoti yananisumbua nikiinuka kwenye sala. Natumai nawe u mzima, na hiyo kazi yako ya kuwapigia Wazungu pasi mashuka huko Kikambala inakwenda vyema.

Umesema wataka kuja Idi. Kabla hujaja nikwambie utakayoyakuta. Fumo wa Bi Swabra amerudi na tuzo ya kusoma Kurani, mji mzima umetoka kumpokea. Fumo wa mpira amemjengea mamake nyumba ya ghorofa. Fumo wa redio, kila adhuhuri sauti yake inaniingilia jikoni, anajitaja jina, nami nimeinama nakuna nazi.

Nyote mlizaliwa mwaka aliokufa Maalim Fumo, Mungu amrehemu. Kila aliyejifungua mwana mtaa huu alimpa jina lake, tukitaka baraka za yule mzee. Baraka zilikuja kweli, ila mlango wangu zikauruka. Nikiitwa Mama Fumo sokoni, watu huuliza, Fumo yupi? Nami hujibu, yule mwingine.

Simu usinipigie, nilishakwambia siku uliyomuoa huyo mwanamke wa bara. Ukiwa na neno, andika, umpe Mwaringa wa basi la mchana.

Mamako,
Jaha

Mtwapa
14 Mei 2024

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imefika, na nimefurahi kusikia u mzima. Pole na magoti. Hope anakuamkia, ingawa najua hutaki salamu zake.

Mimi, mama, si mzima sana. Miguu imevimba, na daktari anasema ni figo. Hotelini nimeacha, kusimama kutwa mbele ya pasi kumenishinda. Sikuandikii ili unitumie kitu wala uje kuniuguza. Nataka radhi zako tu. Uliniambia umeziondoa, na tangu siku hiyo kila nikisujudu nahisi sina uso wa kumwelekea Mola wangu.

Hao akina Fumo wenzangu nawaombea heri. Wa Bi Swabra tulikaa naye jamvi moja chuoni. Alikuwa akiogopa panya, akipita mmoja ananipandia mgongoni.

Mwanao,
Fumo

Shella
2 Juni 2024

Fumo,

Salamu. Mimi ni vile vile, na wewe nimeona ulivyo.

Miguu imevimba, ehe. Yangu ilivimba nilipokubeba tumboni, na sikumwandikia mtu barua. Mwenzio wa mpira alivunjika goti, watu wakasema basi, kwisha habari yake, na msimu uliofuata akarudi uwanjani. Wewe umeumwa miguu, kazi umeacha. Tangu utotoni hukosi sababu.

Na mwana wa watu usimtajie panya. Huyo mwoga wa panya amesoma mbele ya wafalme, na wewe uliyembeba mgongoni unasomea nini?

Radhi si peremende kwamba nitampa kila anayelia. Muache huyo mwanamke, urudi usimame mbele ya watu wa mtaa wako, hapo tutazungumza. Ukishindwa, kaa naye akupe radhi yeye.

Mamako,
Jaha

Hospitalini, Mombasa
29 Juni 2024

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai magoti yamepata nafuu. Mkono huu ni wa Hope, maneno ni yangu mimi. Kalamu siwezi kuishika.

Unasema nimuache Hope. Nikimuacha, mama, nani atanigeuza kitandani? Yeye ndiye ananiosha na kunilisha, na akinilisha anachekacheka ili nisione anavyolia.

Nyumbani sirudi tena kwa miguu yangu, hilo daktari hakunificha. Kwa hiyo Idi imenipita, na mambo ya kusimama mbele ya watu yamekwisha. Nakuomba uniandikie neno moja, nimekuridhia. Usijichoshe na salamu. Hata ukiliandika kwa hasira nitalipokea.

Mwanao,
Fumo

Shella
20 Julai 2024

Mwanangu Fumo,

Salamu. Barua yako nimekaa nayo sana. Nilikuwa nataka uumie kidogo kama nilivyoumia mimi, nisikufiche.

Hilo neno nitakuandikia, ingawa moyo haujapoa. Ila kwanza ujue mwenzako anavyoishi na watu. Fumo wa Kurani amealikwa Mombasa, na kabla ya kwenda alipita hapa kuniaga. Akainama akanibusu mkono. Hakunyonya kwangu, hana deni lolote kwangu, na amenibusu mkono. Wewe ulipoondoka uliniachia ufunguo dirishani.

Haya, yameshapita. Sikiliza sasa, mwanangu. Mimi mamako

Ngoja. Spika ya msikiti inatangaza mauti.

Inna lillahi. Wamesema kijana wetu Fumo, mzaliwa wa hapa Shella, amefariki Mombasa alfajiri na atazikwa huko huko leo. Sikungoja wamalize, nimerudi ndani kuchukua buibui. Fumo wa Kurani, jamani, juzi tu midomo yake ilikuwa kwenye mkono wangu. Mungu anisamehe kwa nitakalosema. Kama alikuwa anataka Fumo, wewe si ulikuwa umelala kitandani unamngoja?

Nakwenda kwa Swabra nikamlilie mwanawe. Neno lako nitalimalizia nikirudi.

Shella
27 Julai 2024

Kwa Hope,

Salamu. Hii ni mara yangu ya kwanza kukuandikia na sijui nikuite nani. Kukuuliza hali siwezi, maana naijua.

Watakufikia maneno ya watu, kwa hiyo bora uyasikie kwangu. Siku ile nilijitupa mlangoni kwa Swabra nikilia kwa sauti. Swabra alikuwa anakaanga mahamri. Akaniuliza nani amekufa, nikamwambia, mwanao. Akaanguka pale pale jikoni. Ndipo Fumo wake akatoka chumbani na mswaki mdomoni, kumbe alikuwa amerudi jana yake. Akamwinua mamake kwanza. Kisha akaja akanishika mabega, akaniambia taratibu, Mama Jaha, jina la baba walilotaja ni la mumeo.

Niliporudi nyumbani nikakuta wanawake wa mtaa wamejaa barazani kwangu, wamekuja kunipa pole, na mlango una kufuli. Hakuna aliyeniuliza nilikotoka. Walikuwa wamenisikia.

Barua niliyokuwa namwandikia nimeichana. Neno nilikuwa nimelifikia, Hope, nakuapia. Nakuomba uende kaburini kwake umwambie nimemridhia. Na unijibu jambo hili moja: alingoja?

Jaha, mamake Fumo

Mtwapa
9 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeipata kwa Mwaringa. Mimi naendelea, namshukuru Mungu.

Umeuliza kama alingoja. Alingoja. Kila siku ikifika saa ya basi la Malindi alinituma nimpigie Mwaringa, na nikikata simu hakuuliza, alinitazama tu usoni. Mwisho nilishindwa kuutazama huo uso. Macho yake yalikuwa yameshafifia, basi nikachukua karatasi nikajifanya nimeletewa barua yako. Nikamsomea: Mwanangu Fumo, salamu nyingi, mimi sijambo ila magoti, nimekuridhia duniani na akhera, lala kwa amani.

Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena. Akacheka kidogo, akanitafuta mkono mpaka akaupata. Akasema, umeandika vizuri, Hope, lakini hii si ya mama. Mama angeanza na Fumo wa Bi Swabra.

Baada ya hapo hakunituma tena kwa Mwaringa.

Hope, mke wa Fumo